Ahadi Isiyochagua Mtoto: Kisa cha Shule za Umma za Kalamazoo

Jioni ya tarehe 10 Novemba 2005, bodi ya elimu ya Kalamazoo ilikuwa na kikao. Kalamazoo ni mji wa watu elfu sabini na kitu, kusini-magharibi mwa jimbo la Michigan, Marekani. Msimamizi mkuu wa shule za umma, Janice Brown, alisimama akatoa tangazo lililowatoa watu machozi ukumbini. Kuna wafadhili, alisema, wamejitolea kulipa karo ya chuo ya watoto watakaohitimu katika shule za sekondari za umma za mji huu. Wafadhili hao hakuwataja, na mpaka leo hawajajitaja. Hawakusema watawalipia kumi bora, wala mayatima, wala waliopata alama fulani. Walisema watoto wote, kuanzia darasa litakalomaliza 2006, kisha linalofuata, kisha linalofuata, bila kuweka mwaka wa mwisho.

Kisa hiki hunirudia kila msimu wa basari. Nimewahi kukaa katika kamati ya basari, nikapitia mafungu ya fomu zenye mihuri ya chifu, barua za padri na za imamu, na vyeti vya vifo vilivyotolewa nakala mpaka maandishi yakafifia. Kazi ya kamati ni kuchagua. Huyu amefiwa na wazazi wote, huyu na mmoja. Huyu ana alama nzuri lakini babake ana ng'ombe wawili, huyu hana ng'ombe lakini alama zake zimeshuka. Orodha ikibandikwa mlangoni, wazazi mia mbili husimama kusoma majina thelathini. Nimewaona wakiondoka bila kusema neno, na sijawahi kuzoea. Kwa hiyo niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba kuna mji ulioamua kutochagua kabisa, nilitaka kujua kilichotokea baadaye, hatua kwa hatua.

Kwanza tuelewe wilaya ya shule ni kitu gani kule, maana ahadi hii ilitolewa kwa wilaya moja. Shule za umma za Marekani haziendeshwi na wizara moja kutoka mji mkuu. Nchi imegawanywa katika wilaya za shule zaidi ya 13,000, kila moja na bodi yake, ambayo kwa kawaida huchaguliwa kwa kura, na msimamizi mkuu anayeajiriwa na bodi hiyo. Mipaka ya wilaya ya shule huweza kupita katikati ya mtaa. Familia ikihama barabara mbili tu, mtoto huingia wilaya nyingine yenye walimu wengine, majengo mengine na sifa nyingine. Ndiyo maana mzazi wa Marekani akitafuta nyumba huuliza habari za shule kabla ya habari za maji na umeme.

Kalamazoo ina nafasi yake katika historia ya jambo hili. Mji ulianzisha shule ya sekondari ya umma katika miaka ya 1850, na baadaye baadhi ya walipakodi, akiwamo seneta wa zamani Charles Stuart, wakaenda mahakamani wakidai kwamba kodi yao haiwezi kutumika kwa masomo ya juu kuliko yale ya msingi. Mwaka 1874 Mahakama Kuu ya Michigan, katika hukumu iliyoandikwa na jaji Thomas Cooley, iliamua kwamba wananchi wanaweza kujitoza kodi kugharimia sekondari pia. Hukumu hiyo ilitumiwa katika majimbo mengine mengi, na ni mojawapo ya sababu za sekondari ya umma kuwa jambo la kawaida Marekani. Mji huu basi ulikuwa umeshajibu mara moja, miaka 131 kabla ya jioni ile ya Novemba, swali la umma umsindikize mtoto hadi wapi.

Lakini kufikia 2005 fahari hiyo ilikuwa imechakaa. Viwanda vya karatasi vilivyowalisha watu vizazi kadhaa vilikuwa vimefungwa. Gitaa za Gibson, zilizotengenezwa hapo tangu mwanzo wa karne ya ishirini, zilihamishiwa Nashville katika miaka ya 1980. Kampuni ya dawa ya Upjohn, iliyoanzishwa mjini humo 1886 na kuwa kama mama wa mji, iliunganishwa na nyingine katika miaka ya 1990 kisha ikamezwa na Pfizer mwaka 2003, na ajira nyingi za watafiti zikahamishwa. Shule nazo zilikuwa na jeraha lake. Katika miaka ya 1970 mahakama ya shirikisho iliamuru watoto weusi na weupe wachanganywe, wakawa wanasafirishwa kwa mabasi kutoka mtaa hadi mtaa. Familia nyingi za wazungu zilijibu kwa kuhamia wilaya za pembeni. Mwaka baada ya mwaka madarasa yalipungua wanafunzi, mpaka wakabaki kama elfu kumi. Wengi wa waliobaki walitoka katika familia za kipato cha chini, zile ambazo watoto wao hupewa chakula cha mchana shuleni bure au kwa bei iliyopunguzwa.

Hapo ndipo ahadi hiyo, iliyoitwa Ahadi ya Kalamazoo, ilipotua, na masharti yake yanastahili kusomwa polepole, maana ndiyo yaliyobeba kila kitu kilichofuata.

Mtoto lazima aishi ndani ya mipaka ya wilaya na asome katika shule zake za umma hadi kuhitimu. Aliyeanza chekechea hapo hulipiwa karo yote, asilimia 100. Kadiri alivyochelewa kujiunga ndivyo fungu lake linavyopungua, na aliyeingia darasa la tisa, ambalo kule ndilo mwanzo wa sekondari, hulipiwa asilimia 65. Anayeingia baada ya hapo hapati kitu. Mwanzoni fedha zilitumika katika vyuo vya umma vya Michigan, kuanzia vyuo vikuu vikubwa hadi chuo cha jamii cha mjini kinachotoa stashahada na mafunzo ya ufundi, na miaka kadhaa baadaye vyuo vya binafsi vya jimbo hilo vikaongezwa. Mhitimu ana miaka kumi ya kutumia haki yake. Akitaka kufanya kazi kwanza, au akizaa mapema, au akishindwa mwaka wa kwanza akarudi nyumbani, mlango haufungwi.

Hakuna swali la alama za sekondari. Hakuna swali la kipato cha mzazi. Mtoto wa daktari na mtoto wa mfagiaji hujaza fomu moja fupi.

Kuna sharti jingine ambalo kwa macho ya haraka linaonekana kuwa jambo la wahasibu tu, nami naliona kuwa ndilo lenye huruma kuliko yote. Ahadi ya Kalamazoo hulipa kwanza, kabla ya misaada mingine kuhesabiwa. Mwanafunzi maskini wa Marekani huwa na haki ya ruzuku ya serikali ya shirikisho. Mipango mingi iliyoiga Kalamazoo husubiri ruzuku hiyo iingie, kisha hufidia pengo la karo lililobaki. Matokeo yake mtoto maskini kabisa, ambaye ruzuku yake inatosha karo, hapati kitu kipya, na kodi ya chumba, nauli na vitabu vinamshinda vilevile. Kalamazoo iligeuza mpangilio. Karo hulipwa na Ahadi, na ruzuku ya serikali inabaki mkononi mwa mwanafunzi ale, alale na asome. Yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto chuoni anajua kwamba karo ni mwanzo tu wa gharama. Mtoto huacha masomo kwa kukosa chakula mwezi wa tatu.

Kilichotokea kwanza kilionekana vuli ya 2006, shule zilipofunguliwa. Wilaya iliyokuwa imezoea kupoteza wanafunzi ilipata ongezeko la kama elfu moja kwa mkupuo. Wengine walihamia kutoka nje, na wengine ni wale ambao wangeondoka wakaamua kubaki. Miaka kama kumi baadaye idadi ilikuwa imezidi elfu kumi na mbili. Na ingawa ongezeko kubwa namna hiyo lingeweza kubadilisha sura ya shule, uwiano wa watoto wa rangi mbalimbali ulitulia. Ule mmomonyoko wa familia za wazungu uliodumu tangu enzi za mabasi ulisimama.

Hapa sheria ya jimbo ilisaidia kwa njia ambayo huenda msomaji wa mbali asiione. Tangu 1994 Michigan imekuwa ikizipatia wilaya fedha za uendeshaji kulingana na idadi ya wanafunzi. Mtoto akihama, fedha zake zinahama naye, na akirudi zinarudi. Kwa hiyo wafadhili wale hawakulipa mshahara wa mwalimu hata mmoja wa Kalamazoo, wala hawakununua dawati. Walilipa karo ya vyuo vilivyoko kwingine. Lakini kwa kuwafanya wazazi wabaki, waliziletea shule za mji fedha za jimbo za mamia ya watoto zaidi, kila mwaka. Walimu wakaajiriwa badala ya kupunguzwa. Wapigakura wa wilaya wakakubali kubeba deni la ujenzi kupitia kodi zao, na shule mpya mbili zikajengwa, ya msingi ya Prairie Ridge na ile ya daraja la kati, baina ya msingi na sekondari, ya Linden Grove, katika mji ambao kwa miongo mingi ulikuwa umezoea habari za kufunga.

Kura hiyo ya kodi naiheshimu sana. Zawadi ya tajiri asiyejulikana hupendeza, lakini haimgharimu jirani chochote. Mstaafu asiye na mtoto shuleni anapokwenda kituo cha kura kusema ndiyo, niongezeeni kodi, huyo ameamua kwamba watoto wale ni wake. Ahadi iliwapa watu sababu ya kuona hivyo. Kama ufadhili ungekuwa wa watoto hamsini bora, familia hamsini zingeshangilia na zilizobaki zingepiga makofi kwa adabu. Ulipokuwa wa wote, kila mwenye nyumba, kila mwajiri, kila mchungaji wa kanisa alijikuta ana mtu anayemjua anayehusika. Mji mzima ulikuwa na mtoto anayekwenda chuo.

Nguvu hiyo ilihitajika haraka, kwa sababu ugumu wa pili ulijitokeza mara moja. Karo ililipwa, lakini kulikuwa na vijana waliofika chuoni wakiwa hawako tayari, na wengine hawakufika hata kuhitimu sekondari. Mtoto anayelala njaa Jumamosi na Jumapili hafikirii chuo cha miaka kumi ijayo. Shirika la Communities In Schools, ambalo lina tawi mjini humo, liliendelea kuweka waratibu ndani ya majengo ya shule, watu ambao kazi yao ni kujua mtoto gani hana koti la baridi, nani hajapimwa macho, nani anahitaji mtu wa kusoma naye saa moja kwa wiki. Watu wa kujitolea walikuja kusikiliza watoto wakisoma. Mifuko ya chakula ilifungwa Ijumaa iende nyumbani na mtoto. Kwa upande wa shule zenyewe, uongozi uliofuata chini ya Michael Rice, aliyeshika usimamizi mkuu 2007, ulisisitiza kusoma tangu utotoni na kuwafungulia wanafunzi wengi zaidi milango ya masomo ya ngazi ya juu ndani ya sekondari, yale yanayotambuliwa na vyuo. Walioingia masomo hayo waliongezeka mno, wakiwamo watoto weusi na wa familia maskini ambao zamani hakuna aliyefikiria kuwauliza kama wanayataka.

Walimu walipata kitu ambacho kamati ya basari haiwezi kumpa mwalimu yeyote. Waliweza kusema mbele ya darasa zima, "Mtakapokwenda chuo," bila kumdanganya hata mmoja. Mtoto wa miaka mitano anaambiwa hivyo, wa minane, wa kumi na miwili. Mwalimu wa chekechea akitamka maneno hayo mahali ambapo karo huamuliwa na bahati ya kamati, anajua moyoni kwamba anawasemea wachache. Pale hakuhitaji kumwangalia mmoja na kumkwepa mwingine.

Sherehe kubwa ilikuja Juni 2010. Ikulu ya Marekani ilikuwa imetangaza shindano la shule za sekondari za umma, na zawadi ilikuwa rais kuhutubia mahafali. Shule zaidi ya elfu moja ziliomba. Sita zikafika fainali, na Kalamazoo Central ikashinda. Wanafunzi walikuwa wameeleza wenyewe, kwa insha na video, maisha ya shule yao. Tarehe 7 Juni Barack Obama alisimama mbele ya wahitimu wale katika ukumbi wa michezo wa Western Michigan University, maana mahafali hayangetosha shuleni. Kwetu sisi, tunaokijua kijiji cha babake, picha ile ina ladha yake. Lakini furaha ya siku ile ilikuwa ya mji wenyewe. Shule ambayo watu waliwahi kuihama ndiyo ambayo rais aliifuata.

Wataalamu walipima. Taasisi ya utafiti wa ajira ya W. E. Upjohn iko mjini humohumo, na wachumi wake Timothy Bartik, Brad Hershbein na Marta Lachowska waliwafuatilia wahitimu kwa miaka. Walilinganisha waliostahili Ahadi na wenzao ambao, kwa kuhitimu mapema au kwa kuchelewa kujiunga, hawakustahili. Ahadi iliongeza wanaojiunga na vyuo, iliongeza masomo wanayochukua, na iliongeza kwa takriban theluthi moja wale wanaofika miaka sita baada ya sekondari wakiwa na shahada au cheti mkononi. Kazi nyingine ya Bartik na Lachowska iliangalia watoto wakiwa bado sekondari. Iligundua kwamba adhabu za kufukuzwa kwa muda zilipungua, na alama za wanafunzi weusi zilipanda. Hilo la pili linanigusa zaidi. Fedha zilikuwa bado hazijatoka benki kwa ajili ya mtoto yule, lakini tayari alikuwa ameanza kukaa darasani kwa namna nyingine, na pengine mwalimu naye alikuwa ameanza kumtazama kwa namna nyingine.

Mapungufu ni ya kweli na yanauma. Faida ilionekana zaidi kwa wasichana kuliko wavulana. Pengo kati ya watoto weusi na weupe halikuzibika. Mtoto anayehamahama kwa sababu mamake anafukuzwa nyumba baada ya nyumba huweza kuvuka mpaka wa wilaya bila kukusudia na kupoteza haki aliyoijenga tangu chekechea, na huyo ndiye aliyeihitaji zaidi. Ngazi ile ya asilimia 100 kushuka hadi 65 huwatuza waliotulia mahali pamoja, na kutulia ni anasa kwa mpangaji maskini. Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja katika masharti yale, ningebadilisha hilo. Na umaskini wa mji haukuondoka kwa sababu shule zimeinuka. Kijana aliyepata shahada ya uhandisi huweza kwenda kufanya kazi Chicago, na wengi wamefanya hivyo.

Hata hivyo miji mingine iliona. Pittsburgh ilitangaza ahadi yake mwishoni mwa 2006. El Dorado, mji mdogo wa Arkansas, ulipata yake 2007, iliyogharimiwa na kampuni ya mafuta ya Murphy kwa dola milioni 50. New Haven ilifuata 2010, na jimbo zima la Tennessee likaanza kulipia vyuo vya jamii kwa waliomaliza sekondari 2015. Mipango ya aina hii sasa ni mingi mno kuitaja. Lakini mingi ilirudisha kile ambacho Kalamazoo ilikiondoa. Baadhi huweka alama za chini zinazohitajika, baadhi hutaka mahudhurio ya kiwango fulani, na Tennessee husubiri ruzuku ya serikali iingie kwanza. Najua kwa nini. Fedha ni chache, na wanaozitoa hutaka kuona zimeangukia penye udongo mzuri. Ndivyo tulivyosema na sisi kwenye kamati, kila mwaka, kwa maneno hayohayo.

Mwezi Juni 2018 darasa la pekee lilihitimu Kalamazoo. Walikuwa chekechea, na miaka mitano, jioni ile Janice Brown aliposoma tangazo. Miaka kumi na mitatu ya shule waliisoma yote, isipokuwa wiki chache za mwanzo, wakijua kwamba karo imeshalipwa. Wapo waliokwenda moja kwa moja chuo kikuu, wapo waliokwenda chuo cha jamii, na wapo ambao bado hawajaenda popote. Hao wa mwisho wana hadi 2028.